Kabla ya kuzima taa, angalieni maharage

Mhariri,

Kila magazeti yetu yanapoandika juu ya mabadiliko ya tabianchi na mtu wa kawaida nyumbani kwake, ushauri huwa ule ule: zima taa usiyoitumia, acha gari upande baiskeli, punguza nyama, panda mti. Si ushauri mbaya, ila ni nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine. Familia ya Mbagala au Buza hapa Dar es Salaam haina gari la kuacha, nyama inaila Jumapili, na taa zake tatu za LED za wati 9 zikiwaka kwa muda wa saa sita kila usiku hazimalizi hata robo ya uniti. Kaboni ya nyumba hiyo iko chini ya sufuria, na sufuria nzito kuliko zote kwa wiki ni ya maharage. Naomba nafasi nieleze hesabu yake, na namna ya kuipunguza bila kuacha kula maharage.

Chukua nusu kilo ya maharage makavu yasiyolowekwa, uyabandike kwenye jiko la bati lisilo na udongo ndani. Mpaka yaive ni saa mbili na nusu, pengine tatu, na mkaa utakaoteketea hapo ni robo tatu ya kilo hadi kilo nzima. Kilo moja ya mkaa mzuri ina nishati ya megajuli 29 hivi, ambayo kwa lugha ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni uniti 8. Maharage yale yale kwenye jiko la presha la umeme hula chini ya nusu uniti. Nishati ya mkaa inayobaki inapita pembeni mwa sufuria na kupotea hewani, na nyingine inaondoka na mvuke. Huo mvuke watu wengi hawauhesabu. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 315 tu. Kuigeuza lita hiyo iwe mvuke kunahitaji 2,260. Kwa hiyo kila lita unayoongeza kwa sababu "maji yamekauka" imeondoka na joto ambalo lingechemsha lita nyingine 7. Ule mfuniko wa sufuria uliopinda, ambao siku hizi unafunikia ndoo ya maji, unyooshwe na urudishwe kazini.

Mkaa wenyewe nao hauanzii gengeni. Tanuru la udongo la porini hutoa kilo moja ya mkaa kwa kuni kilo 6 hadi 10, kutegemea ukavu wa magogo na umakini wa mchomaji. Sehemu kubwa ya kinachobaki huondoka kama mvuke na moshi, na ndani ya moshi huo mna methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto. Ukija kuuchoma nyumbani, kilo hiyo moja inatoa kaboni dayoksaidi kilo 2.8 hivi. Wapo wanaosema hiyo si hasara kwa sababu mti huota tena, na ni kweli pale visiki vinapoachwa vichipue na msitu unapovunwa kwa vitalu, kama vijiji kadhaa vya Kilosa vilivyojaribu. Lakini aliye kwenye foleni ya mkaa Tandika hana njia ya kujua kama gunia lile limetoka kwenye kitalu au kwenye msitu uliogeuzwa shamba.

Basi tuanze na maharage yenyewe, maana nusu ya kazi hufanyika kabla moto haujawashwa.

Nunua ya msimu mpya. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto na unyevu wa Pwani hupata ugumu ambao kuloweka hakuumalizi. Yatachemka saa nne na bado kiini kitakuwa kigumu mdomoni. Maharage ya zamani rangi yake hufifia au kuwa nyeusi zaidi kuliko kawaida, ngozi hukunjamana, na ukiyaloweka usiku kucha utakuta mengi hayajavimba. Yale ya bei ya chini kidogo yanakurudisha kwenye mkaa, na huko ndiko utakakolipia tofauti.

Loweka saa 6 hadi 8: kikombe kimoja cha maharage kwa vikombe vitatu vya maji. Usizidishe saa 12 bila friji, kwa joto la Dar es Salaam yatatoa povu na harufu ya uchachu. Mwaga maji ya kulowekea na uyasuuze. Jambo ambalo wengi hulikosa ni maji gani ya kutumia. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji magumu, yale ambayo sabuni inakataa kutoa povu. Ugumu huo ni kalisi na magnesi, na madini hayo hushikana na ngozi ya maharage na kuizuia kulainika. Familia mbili zenye maharage kutoka gunia moja na majiko yanayofanana zinaweza kupishana saa nzima kwa sababu ya maji tu. Kama una kisima cha namna hiyo, weka kando ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya maharage na makande. Chumvi ya kawaida ya mezani haina tatizo hilo. Kijiko cha chai kwenye maji ya kulowekea kinasaidia hata. Magadi yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, kwa hiyo kama huna budi, isizidi robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo. Nyanya, ndimu na ukwaju vikae mbali mpaka maharage yaive, kwani uchachu hukaza ngozi. Kuunga ni baadaye.

Sasa moto. Kwa mwenye umeme, jiko la presha la lita 6 lenye wati 1,000 ndilo lenye faida kubwa kuliko chombo chochote cha umeme jikoni. Nusu kilo iliyolowekwa, maji lita moja na nusu, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ili povu lisipande, dakika 25 hadi 30 za presha. Yasiyolowekwa, dakika 45 hadi 50 na maji lita mbili. Usijaze kupita nusu ya sufuria ya ndani, kwa sababu maharage huvimba na povu lake hupanda mpaka kwenye valvu. Muda ukiisha, acha presha ishuke yenyewe kwa dakika 15. Ukifungua valvu ya mvuke papo hapo utarushiwa mchuzi mzito, na maganda yatakayonasa humo ndiyo yatakayokufanya wiki ijayo useme jiko limeharibika.

Majiko haya yanapokataa kujenga presha, mara nyingi ugonjwa ni mmoja kati ya mitatu. Mpira wa mfuniko umekaa upande, au umelegea na kuota ufa: uvue, uoshe, uurudishe ukiubonyeza mzunguko mzima. Kile kipini kidogo kinachoinuka presha inapopanda kimeganda kwa uchafu: kitoe, kisugue kwa mswaki wa zamani. Au maji ni machache mno na mchuzi umeshika chini, hapo jiko linajizima na kuonyesha herufi na namba za kosa. Kabla ya kukaanga vitunguu na kufunga mfuniko, mimina maji kidogo na kwangua sakafu ya sufuria kwa mwiko wa mbao. Na kila mara futa chini ya sufuria ya ndani kabla ya kuibandika. Tone la maji ya chumvi likikaukia kwenye sahani ya moto, kihisi cha joto husoma vibaya na sahani hula kutu.

Umeme ukikatika katikati, usifungue. Jiko lina ukuta unaohifadhi joto, presha itashuka taratibu na maharage yataendelea kuiva. Umeme ukirudi, majiko mengi hayaendelei yenyewe, unayawasha upya kwa muda uliobaki. Umeme ukiwa mdogo, tuseme volti 180 badala ya 230, jiko la wati 1,000 linabaki na nguvu ya wati 610 hivi. Halijaharibika, linachelewa tu kufika kwenye presha. Majiko ya induksheni ndiyo yenye kawaida ya kujizima kabisa volti zikishuka, na fundi asiye mwaminifu atakuuzia "bodi" mpya kwa kosa ambalo si la bodi.

Jiko la wati 1,000 linavuta ampea 4.3. Soketi ya ukutani iliyofungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5 haitalisikia. Ekstensheni nyembamba ya bei ya chini, iliyobeba pia friji na televisheni, italisikia. Shika waya baada ya dakika 20. Ukiwa wa moto mkononi, acha kuutumia. Plagi iliyobadilika rangi kuwa kahawia ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Watu huuliza, umeme wenyewe si unatokana na gesi? Sehemu, ndiyo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, lakini Kinyerezi na Ubungo bado zinawaka kwa gesi asilia. Sasa chukua hali mbaya kuliko zote, kwamba umeme wako wote ni wa gesi: nusu uniti ingekuwa kaboni dayoksaidi robo kilo hivi. Linganisha na kilo 2.8 za kaboni dayoksaidi zinazotoka kwenye mkaa, bila kuhesabu tanuru.

Fedha nazo zinasema hivyo hivyo. Bei ya T1, daraja la mteja wa kawaida, iliyopangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) 3 na ya EWURA 1, unafika 356. Maharage kwa uniti 0.4 ni kama shilingi 142. Asiyeamini asome uniti zilizobaki kwenye LUKU kabla ya kuwasha, azime vitu vingine, asome tena baada ya kupika.

Hapo kuna kikwazo ambacho Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, hautakivuka kwa semina. Kwanza ni daraja la D1, la wanaotumia umeme kidogo. Mteja wa daraja hilo analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hutozwa 350. Familia inayopikia umeme inaongeza uniti 1 hadi 2 kwa siku, yaani 30 hadi 60 kwa mwezi. Aliyekuwa anatumia 40 kwa taa, redio na simu anaweza kuvuka mstari kwa sababu ya kutii ushauri wa Serikali. Kwa mtu wa namna hiyo, ushauri wetu kwa sasa ni kupikia umeme vile vyakula vinavyochukua muda mrefu tu: maharage, makande, kunde, nyama ya mifupa. Sufuria tatu kwa wiki hazifiki uniti 8 kwa mwezi. Chai na mayai aviache kwenye gesi.

Pili ni nyumba za kupanga. Vyumba sita, LUKU moja, na mchango wa mwezi unagawanywa kwa vichwa. Mpangaji anayeleta jiko la umeme kwenye nyumba kama hiyo anageuka mwizi machoni pa wenzake, hata kama anatumia kidogo kuliko mwenye friji mbovu. Dawa yake ni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, inayofungwa na fundi mwenye leseni baada ya LUKU, na kila mtu anachangia kwa alichosoma kwenye mita yake. Mwenye nyumba anayedhani hiyo ni gharama ahesabu magomvi.

Kwa asiye na umeme, au mwenye jiko la mkaa tu, kipo kikapu. Akina mama wa zamani walifunika wali kwa nguo nzito ukaiva pole pole. Kikapu ni kazi ile ile iliyofanywa kwa vipimo. Tafuta tenga au kikapu cha ukindu kinachoizidi sufuria kwa sentimita 10 kila upande. Shindilia chini sentimita 10 za nguo kuukuu, sponji, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au pumba za mpunga zilizofungwa kwenye mifuko ya kitambaa. Weka sufuria tupu katikati, jaza pembeni, kisha shona mto mnene wa kufunika juu. Tandika ndani nailoni ngumu ili mvuke usiingie kwenye vitu ulivyoshindilia. Vikilowa havihifadhi joto, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya vikapu vingi kuachwa baada ya mwezi mmoja.

Maharage yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu dakika 20 yakiwa yamefunikwa, kisha sufuria ihamie kwenye kikapu ndani ya dakika moja, ikae saa 3, irudi motoni ichemke dakika nyingine 10. Hizo dakika 20 za mwanzo zisipunguzwe. Maharage mekundu yana sumu ya asili, lektini, ambayo huharibika kwa kuchemka barabara. Yakipashwa nyuzi 70 au 80 tu sumu hiyo inabaki, inaweza hata kuongezeka nguvu, na mlaji atatapika ndani ya saa chache. Sufuria iwe imejaa robo tatu na isipungue lita 3, maana chakula kidogo hupoa haraka. Usichungulie. Na usiache humo usiku kucha, kwa sababu chini ya nyuzi 60 bakteria huanza kuzaliana. Wali ni rahisi zaidi: chemsha dakika 5 na maji pungufu kidogo kuliko kawaida, kikapuni dakika 40.

Jiko la mkaa lenyewe likiwa na udongo ndani usio na nyufa, wavu wenye matundu wazi na mlango wa hewa unaofunga, linapunguza mkaa kwa theluthi au zaidi. Tatizo ni kwamba tunalijaza mpaka mdomoni kisha mlango wa hewa unabaki wazi tangu asubuhi. Sufuria ikishachemka, funga mlango ubaki upenyo wa kidole; maji yanayotokota kidogo na yanayoruka ruka yana joto lile lile la nyuzi 100. Mkaa uliobaki uzimwe kwa kufunikwa, si kwa maji. Na jiko la mkaa lisilale chumbani pamoja na watu hata kama halitoi moshi. Gesi inayoua, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu.

Gesi ya mtungi ni ya kisukuku na haitufikishi mwisho wa safari, lakini kilo moja yake inafanya kazi ya mkaa kilo 3 hadi 4. Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, zibua matundu ya bana, pale moto unapotokea, kwa sindano. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kichwa cha regyuleta. Likifura, mpira wa ndani umeisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, kwa hiyo ukiisikia harufu fungua mlango, si dirisha la juu tu, wala usiguse swichi.

Kuna maji ya kunywa pia. Nyumba nyingi zinachemsha lita 5 hadi 10 kwa siku kwenye mkaa. Chupa angavu ya plastiki, ile ya maji ya dukani isiyozidi lita 2, isiyo na mikwaruzo wala karatasi, ikijazwa na kulazwa juu ya bati kwenye jua kali kwa muda wa saa 6, mionzi na joto vinaua vimelea. Siku za mawingu ni siku mbili mfululizo. Maji ya matope hayafai, jua halipenyi. Namna ya kupima ni hii: simamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari cha gazeti hili, uchungulie kupitia mdomo wa chupa. Ukiweza kusoma herufi, maji yanafaa. Usipoweza, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne au acha yatuame kwanza. Angalau gazeti la jana litakuwa na kazi.

Nikitoka kwenye chakula naenda moja kwa moja kwenye friji, kwa sababu huko kuna uharibifu ambao hakuna anayeuona. Geuza friji yako usome kibandiko kilicho nyuma karibu na kompresa. Kama kimeandikwa R134a, gesi iliyomo inapasha dunia joto mara 1,430 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule. Gramu 100 tu, ujazo wa kawaida wa friji ya nyumbani, zikiachiwa hewani ni sawa na kaboni ya kuchoma mkaa kilo 50. Sasa fikiria fundi anayekuja kila baada ya miezi minne "kuongeza gesi". Gesi ya friji hailiwi wala haichakai. Ikipungua, kuna tundu, na kuongeza bila kuziba ni kuipeleka angani kwa mafungu. Fundi anayejua kazi anatafuta uvujaji kwa presha ya naitrojeni na povu la sabuni, anaziba kwa kuchomelea, anabadilisha chujio, anavuta hewa kwa vakyumu pampu angalau nusu saa, ndipo anapima gesi kwa mizani kulingana na kibandiko. Akikata mrija na kuiachia kabla ya kufungua mzigo wa vifaa, mzuie. Akisema atajaza "kwa kusikiliza kompresa", tafuta mwingine.

Friji mpya nyingi zina R600a. Hiyo madhara yake kwa tabianchi ni madogo mno, lakini inawaka, kwa hiyo isichanganywe na gesi nyingine na asije mtu na mwali wa kuchomelea bila kuitoa nje kwanza mahali penye upepo. Makubaliano ya kuachana na jamii ya R134a yalipitishwa jirani hapa, Kigali, mwaka 2016, lakini friji za mtumba zinaendelea kushushwa na hakuna muuzaji anayekuonyesha kibandiko usipouliza.

Mpira wa mlango wa friji upime kwa karatasi: bana ukurasa, funga, vuta. Ukitoka bila kukwama, mpira umelegea. Mara nyingi kuupasha kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto unarudi. Acha sentimita 15 kati ya friji na ukuta, na usiweke karibu na jiko. Barafu ya ndani ikifika unene wa kidole, yeyusha. Usiichokonoe kwa kisu, kwani mrija ukitoboka unarudi kwenye zile gramu 100.

Taka nitazipitia kwa kifupi. Zaidi ya nusu ya taka za jikoni zetu ni maganda na mabaki, na zikifika dampo la Pugu Kinyamwezi zinafukiwa bila hewa na kutoa methani. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu ya milimita 8 pembeni na chini inatosha kuanzia: sehemu moja ya maganda yaliyokatwa katwa, sehemu mbili za majani makavu au randa za mbao, geuza kila baada ya siku tatu. Ikinuka yai viza, imelowa, ongeza randa. Ikinuka kama mkojo, maganda yamezidi. Ukikamua konzi moja, litoke tone moja au mawili. Vichwa vya samaki na mabaki ya nyama visiingie, panya watafika kabla ya mbolea. Baada ya miezi mitatu una udongo mweusi wa mchicha. Na tafadhali, wale wanaochoma taka asubuhi pamoja na mifuko ya plastiki: masizi yale ni tabianchi, na ni mapafu ya jirani.

Kuna ombi moja kwako, Mhariri. Gazeti lako huchapisha bei ya mahindi, mchele na maharage ya masoko makubwa. Mkaa haumo. Unauzwa kwa kopo la rangi la lita 4, kwa kisado na kwa gunia lenye kilemba, na muuzaji hodari huupanga vipande vikubwa kwa namna ambayo nusu ya kopo ni hewa. Hakuna mnunuzi anayejua kilo moja amelipia shilingi ngapi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuilinganisha na uniti ya umeme au kilo ya gesi. Mpeleke mwandishi mmoja na mizani Tandika, Manzese na Tegeta kila Jumatatu, apime makopo matano kila soko, na mchapishe bei ya kilo kando ya bei ya maharage.

Fundi majiko na friji,
Temeke, Dar es Salaam